Aliyekimbia hakuitupa mali yake

Kati ya vitu vyote vinavyodondoka njiani kutoka Baraka hadi Lulimba, katika tarafa ya Fizi, Kivu ya Kusini, hakuna kitu kidogo chenye uzito kama karte ya uchaguzi. Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika 1984, na kwa miaka mingi sasa karte ya CENI, tume ya uchaguzi, ndiyo imekuwa kitambulisho cha raia wa kawaida. Huonyeshwa kwa wakala wa pesa za simu, ofisini, bandarini, na zaidi ya yote kwenye bariera, yaani vizuizi vya barabarani. Watafiti wa taasisi ya IPIS, katika ripoti yao ya 2017, walihesabu karibu bariera 800 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini peke yake. Asiye na karte hupita kwa taabu au kwa pesa. Sasa tuseme karte imemtoka abiria wa pikipiki kwenye matope ya upande wa Misisi, na motari, yaani dereva wake, akaiona jioni anapoosha pikipiki yake. Jina limo, picha imo, mahali pa kuzaliwa pameandikwa. Kingekuwa kitu chepesi kuliko vyote kurudi kwa mwenyewe. Lakini motari anajua kwamba akiipeleka polisi ataulizwa aliipata wapi, mwenyewe alikuwa nani kwake, kwa nini hakuileta jana, na huenda akatoka pale akiwa na kesi badala ya asante. Basi anampa katekista aisome kanisani, au anaiacha kwa mwenye duka, ndani ya kopo, pamoja na nyingine zilizotangulia. Wakati huohuo mwenye karte anazunguka akitafuta hati ya kupotelewa, na hati hiyo ina gharama yake.

Tuitazame hesabu hiyo vizuri, kwa sababu ndipo ugonjwa ulipo. Kitu kinapopotea, ofisi inapata pesa kwa kuandika kwamba kimepotea. Kinapopatikana, ofisi haipati chochote. Hatuna haja ya kumtukana polisi yeyote ili kuona mpangilio kama huu utazaa nini. Hata ukimweka pale mtu mwadilifu, kazi ya kupokea vitu vilivyookotwa, kuvitunza na kumtafuta mwenyewe itabaki kuwa ya mwisho mezani, kwa kuwa haina daftari, haina chumba, na haina wa kuiulizia. Hoja yangu ni kwamba kila kitu kilichookotwa Lulimba kiandikwe hadharani na bila malipo siku ileile kinapofika mikononi mwa mamlaka, na kwamba kutokuwepo kwa mwenye mali kusichukuliwe hata siku moja kuwa ushahidi kwamba mali haina mwenyewe. Mahali pengine hilo lingekuwa jambo la usafi wa ofisi tu. Katika Fizi ni jambo la amani.

Sheria zipo. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 34, inaita mali ya mtu binafsi kuwa takatifu, iwe imepatikana kwa sheria au kwa desturi; kifungu cha 182 kinaipa Polisi ya Taifa kazi ya kulinda watu na mali zao. Sheria ya makosa ya jinai ya 1940, katika kifungu cha 102, inamwadhibu yeyote aliyeokota kitu cha mwenzake akakificha au akakipa mtu mwingine kwa hila: kifungo kinaweza kufika miaka miwili. Na sheria ya ardhi na mali ya 1973 inasema vitu visivyo na mwenyewe ni vya Serikali. Ukizisoma sheria hizi pamoja unaona hatari iliyoko katikati. Raia anaambiwa akificha alichookota ni mhalifu. Serikali inaambiwa kisicho na mwenyewe ni chake. Katikati ya hayo mawili kuna swali zima la jinsi ya kujua kama kitu kina mwenyewe au hakina, na swali hilo, katika kituo kidogo cha kijijini, linajibiwa na mtu mmoja nyuma ya meza moja, bila shahidi. Utaratibu wa OPJ, afisa wa polisi anayepeleleza makosa, wa kukamata vitu na kuviandika kwenye PV, hati yake rasmi, unaotokana na dekreti ya 1959, uliwekwa kwa ajili ya vielelezo vya kosa. Mtu aliyeokota simu njiani akaileta hana kosa. Ukimwingiza kwenye mlango wa washukiwa, usitegemee kumwona tena.

Kwa sheria na kwa akili ya kawaida, kuna tofauti kati ya kitu kilichopotea na kitu kilichotupwa. Aliyepoteza hakutaka kuachana na kitu chake. Aliyetupa alitaka. Tofauti hiyo iko katika nia ya mwenyewe, wala si katika muda ambao kitu kimelala barabarani. Historia ya Lulimba imeifunika tofauti hiyo kwa vumbi. Watu wa pande hizi walikimbia wakati wa uasi wa 1964 na 1965. Walikimbia tena 1996, na kambi ya Nyarugusu kule Kigoma ilifunguliwa Novemba mwaka huohuo kwa ajili yao. Walikimbia vita vya 1998. Kuanzia Oktoba 2005 meli zikaanza kuwarudisha kutoka Kigoma hadi Baraka, na wengi waliposhuka na mabunda yao walikuta nyumba zina watu, mashamba yamelimwa na wengine, mabati yameezekwa kwingine. Tangu hapo wamekimbia mara nyingi kwa safari fupi: wiki mbili msituni, miezi mitatu kwa ndugu, mwaka mmoja kambini. Kila mara huacha nyuma cherehani, baiskeli, mbuzi, mlango wa mbao, mashine ya kusaga. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotupwa. Mwanamke anayebeba mtoto mgongoni na kuacha cherehani ndani ya nyumba hakuamua kwamba cherehani si yake. Aliamua kwamba mtoto ndiye wa kwanza.

Nchi za Maziwa Makuu zililielewa hilo. Mkataba wa Usalama, Utulivu na Maendeleo uliotiwa sahihi Nairobi Desemba 2006, ambao Kongo ni mmoja wa wanachama wake, una itifaki nzima kuhusu haki za mali za watu wanaorudi makwao. Maneno yake ni mazuri. Lakini itifaki haina mikono. Mikono yake ni ya polisi wa kituo, shefu wa lokalite na karani wa sekta. Kama hao hawana mahali pa kuandika kwamba tarehe fulani cherehani moja ilikutwa nyumbani kwa fulani baada ya watu kukimbia, basi anayerudi atakuja na neno lake tu, na aliyechukua atakuwa na kitu chenyewe. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wanamwonya mfanyabiashara, lakini onyo hilo linaifaa serikali zaidi.

Mfano wenye damu ndani yake ni wa ng'ombe. Kila kiangazi wafugaji hushusha mifugo kutoka nyanda za juu kuja kwenye majani ya Ngandja, na kwa desturi hutoa itulo, malipo ya malisho, kwa mashefu wa mahali wanapolisha. Ni mpango wa miaka mingi, wenye ugomvi wake na masikilizano yake. Ng'ombe mmoja anapopotea katika msimu huo, mambo mawili yanaweza kutokea. Anaonekana, anatangazwa, mwenyewe anaitwa, anamtambua kwa rangi, kwa pembe, kwa alama ya sikio, anamlipa aliyemtunza, anaondoka naye. Au anafungwa nyuma ya nyumba ya mtu fulani mwenye mamlaka, siku zinapita, nyama inaonekana sokoni. Katika hali hii ya pili mwenyewe hasemi amepoteza ng'ombe. Anasema ameibiwa na kabila fulani, na vijana wenye silaha wapo tayari kumsikiliza. Siwezi kudai kwamba daftari lingezima vita vya Fizi, ambavyo vina mizizi mirefu katika ardhi, mamlaka na siasa za nje. Ninachodai ni kwamba mnyama aliyepotea asiachwe kugeuka mnyama aliyeporwa kwa sababu tu hakuna aliyeandika alipoonekana.

Basi daftari lenyewe liweje? Liwe kubwa, lenye kurasa zilizotiwa namba, ili ukurasa ukichanwa ijulikane. Kwenye mstari mmoja: tarehe, mahali kitu kilipookotwa, nani alikileta, nani alikipokea, mashahidi wawili, sahihi au alama ya dole gumba. Aliyeleta apewe kipande cha karatasi chenye namba ya mstari huo. Karatasi hiyo ndiyo ngao yake dhidi ya kifungu cha 102, maana inaonyesha hakuficha. Maelezo ya kitu yaandikwe mara mbili. Ya kwanza ni ya kusomwa hadharani: simu moja ndogo, nyeusi. Ya pili hukaa kwenye bahasha iliyofungwa: ina ufa kona ya kushoto, nyuma imefungwa kwa utepe mwekundu, namba ya mwisho iliyopigwa ni hii. Anayedai lazima aseme yaliyo ndani ya bahasha kabla haijafunguliwa. Waislamu wa Baraka watautambua utaratibu huu mara moja, kwa kuwa fikihi ya luqata, yaani kitu kilichookotwa, inamtaka aliyeokota aujue vizuri mfuko na kamba yake, kisha atangaze mwaka mzima. Wakristo nao wana Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inayomwagiza aliyemwona ng'ombe wa nduguye amepotea amrudishe, na kama ndugu yuko mbali, amweke kwake mpaka atafutwe. Hakuna dini wala desturi ya Fizi inayomruhusu mtu kula kitu kwa sababu mwenyewe hayupo. Polisi hawangekuwa wanaleta ugeni wowote. Wangekuwa wanaitia serikali katika jambo ambalo watu wanaliamini tayari.

Nakala ya pili ya daftari isikae polisi. Ikae kwa shefu au katika lubunga, baraza la Wabembe ambalo vijiji vingi bado hulipelekea mashauri yao, au parokiani, mradi tu pawe mahali ambapo kamanda wa kituo hana ufunguo. Na siku ya soko isomwe kwa sauti, na pia kwenye redio za jamii. Sehemu hii ndiyo ninayoitilia mkazo kuliko zote, kwa sababu chumba cha kuhifadhia kinahitaji bajeti kutoka jimboni au Kinshasa, lakini sauti haihitaji. Kitu kilichotangazwa mbele ya watu 200 ni kigumu kuibwa hata kikiwekwa chini ya mti.

Najua jibu la kwanza litakuwa mshahara. Polisi analipwa kidogo, kwa kuchelewa, na mbali na benki. Utamwambiaje afanye kazi nyingine bure? Ni pingamizi la haki na halipaswi kupuuzwa. Anayelinda mali za watu huku watoto wake wakilala njaa anawekwa kwenye jaribu ambalo serikali haina haki ya kumwekea. Lakini dawa ya mshahara mdogo ni mshahara. Haiwezi kuwa ada kwenye karte iliyopatikana. Tumekwisha kuona kinachotokea serikali inapotoza pesa kwa jina la kulinda mali. Mwaka 2020 ARPTC, mamlaka ya mawasiliano, ilianzisha RAM, rejista ya simu za mkononi, na moja ya sababu zilizotolewa ilikuwa kupambana na simu za wizi na za bandia. Pesa zilikatwa kwenye salio la mwenye simu. Watu wakaona kodi, hawakuona ulinzi. Kelele zikafika bungeni, na mwaka 2022 ikafutwa. Wazo la kuijua simu kwa namba yake halikuwa baya hata kidogo, na mtu wa Lulimba aliyepoteza simu angelihitaji. Lilikufa kwa sababu lilianza na mkono ulionyooshwa. Daftari letu likianza na faranga 1,000 mlangoni, litakufa wiki ya kwanza. Kama mwenye mali anataka kutoa shukrani, ampe aliyeokota, mbele ya watu, na iandikwe. Japani wameliweka hilo kwenye sheria: aliyeokota anaweza kudai kati ya asilimia 5 na 20 ya thamani ya kitu, na kitu husubiri miezi mitatu. Polisi wa Tokyo hupokea vitu zaidi ya milioni 4 kwa mwaka. Si kwamba Wajapani walizaliwa na mioyo mingine. Anayeleta kitu kwao hupewa karatasi, haki, na njia ya kwenda nyumbani bila kuhojiwa kama mwizi.

Wengine watasema Lulimba si Tokyo, na kwamba hata umeme wa kuwasha kompyuta ni shida. Kweli. Hata ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambako polisi ya Tanzania ina mfumo wa mtandaoni wa kutoa taarifa ya kupotelewa na mali, mfumo huo umesimama juu ya mtandao na umeme ambavyo sisi hatuna kwa uhakika. Ndiyo sababu ninazungumzia karatasi na kalamu. Programu inaweza kuja baadaye, na ikija itakuta kurasa zilizojaa za kunakili.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa watu wenye nia njema. Wanauliza: kama kanisa, msikiti na redio vinafanya kazi hii, kwa nini tuwaingize polisi, ambao ndio chanzo cha hofu? Tuwaache pembeni. Nakubali kwamba makanisa yamerudisha vitu vingi katika tarafa hii, na yanastahili heshima kwa hilo. Lakini tangazo la kanisani linawafikia waumini wa kanisa hilo. Mfugaji aliyeshuka kutoka milimani hayumo. Mchimbaji wa dhahabu aliyetoka Maniema na kulala Lulimba usiku mmoja hayumo. Na wawili wakidai pikipiki moja, katekista hana uwezo wa kumwita yeyote, kuzuia chombo kisiondoke, wala kumfungulia kesi mwongo. Uwezo huo ni wa dola. Kuwaacha polisi pembeni ni kukubali kwamba mali inayobishaniwa itakwenda kwa mwenye nguvu, na katika Fizi tunajua nguvu hiyo hubebwa begani. Hilo linanikumbusha kwamba bunduki, risasi na sare za kijeshi zilizookotwa zisiingie kabisa kwenye daftari hili. Zina njia yake, na mkulima aliyekuta bunduki shambani asilazimishwe kusimama nayo sokoni.

Kuna pia wanaosema wakati si huu. Februari 2025 Bukavu yenyewe ilianguka mikononi mwa waasi wa M23, wanajeshi na polisi wakarudi nyuma kuelekea kusini, na raia wakalipa gharama ya mwendo huo kwa simu, mbuzi na pikipiki zao. Nani atafikiria daftari katikati ya hayo? Mimi naona ni kinyume. Wakati wa amani mtu akipoteza kitu huuliza jirani. Wakati wa vita jirani naye hayupo, na mstari mmoja ulioandikwa na mashahidi wawili ndio peke yake utakaozungumza kwa ajili ya watu wote wawili watakaporudi. Mahakama za kijeshi zilizosafiri hadi Baraka mwaka 2011 kuhukumu uhalifu uliotendwa Fizi zilionyesha kwamba haki inaweza kuletwa hadi ukingoni mwa ziwa. Lakini hakimu anayekuja mara moja baada ya muda mrefu anahitaji kukuta maandishi.

Linabaki suala la muda, na hapa ndipo ninapotofautiana hata na sheria za wenzetu. Lazima kuwe na mwisho; kituo hakiwezi kutunza sufuria milele, wala ng'ombe hawezi kungoja miaka. Vitu vinavyooza viuzwe siku hiyohiyo na bei iandikwe. Vingine viuzwe kwa mnada wa wazi baada ya miezi sita, na fedha, ikitolewa gharama ya matunzo, ziwekwe kwa jina la mstari ule wa daftari ili mwenyewe akitokea azikute. Lakini miezi hiyo isihesabiwe wakati kijiji kimekimbia. Kama watu wa kijiji cha Nyange wameondoka kwa sababu ya risasi, saa ya vitu vya Nyange isimame siku hiyo na ianze tena wanaporudi, na kamanda asiwe na ruhusa ya kuiendesha peke yake bila sahihi ya shefu. Wakati saa imesimama, nakala ya orodha ipelekwe waliko: kwenye maeneo ya waliohamishwa ya Baraka, na kwa wale wa ng'ambo, kwa boti zilezile zinazokwenda Kigoma, mpaka isomwe Nyarugusu.